Nyumba za vioo: Jirani akijenga ghorofa, faragha yako inaenda wapi?

HEBU piga picha hii. Umenunua nyumba ambayo ukuta wake wote wa nyuma ni kioo, kutoka sakafuni hadi kwenye dari. Sebule, jikoni na chumba cha kulala vinatazama bustani. Hujaweka pazia na huna haja nalo, kwa sababu nyumba zote za mtaa huo ni fupi, na ua wa mbao unatosha kuzuia macho ya watu. Miaka inapita. Siku moja jirani wa nyuma anauza. Mnunuzi anabomoa, na kwenye ploti ile inapanda nyumba ya ghorofa. Dirisha lake la juu sasa linatazama moja kwa moja kitandani kwako.

Utamwambia nini? Ploti ni yake. Pesa ni zake. Kibali anacho.

Wakazi wa Palo Alto, California, wamezozana juu ya jambo hili kwa miaka mingi. Hili ni jiji la Silicon Valley, kule ambako William Hewlett na David Packard walianzia kampuni ya HP ndani ya gereji. Mwaka wa 2018 baraza la jiji lilipitisha jibu lake, na jibu lenyewe linashangaza kidogo: kitabu cha ushauri. Ni mwongozo wa usanifu kwa mitaa ya nyumba za vioo, na kuufuata ni hiari.

Kuelewa kwa nini watu wazima wanakosana kwa sababu ya madirisha, ni lazima umjue jamaa aliyejenga nyumba hizo.

Joseph Eichler hakuwa msanifu wala fundi. Alikuwa mtu wa hesabu katika biashara ya siagi na mayai ya familia ya mkewe. Miaka ya 1940, yeye na familia yake walipanga nyumba iliyosanifiwa na Frank Lloyd Wright kule Hillsborough, kusini mwa San Francisco, na akaipenda kupita kiasi. Akajiuliza mbona keja ya aina hiyo iwe ya matajiri pekee. Akiwa anakaribia umri wa miaka 50, akaingia katika ujenzi. Aliajiri wasanifu wa kweli, kwanza Anshen na Allen, baadaye Jones na Emmons, kisha Claude Oakland, na kufikia katikati ya miaka ya 1960 alikuwa amejenga takriban nyumba 11,000, karibu zote California. Palo Alto pekee ina takriban 2,700.

Nyumba zake za mwanzo ziliuzwa kwa karibu dola 10,000, bei ambayo mtu wa mshahara wa kawaida aliweza kuilipa polepole kwa mkopo. Na aliuzia yeyote aliyekuwa na pesa, awe Mweusi, Mzungu au mwenye asili ya Asia. Hili halikuwa jambo dogo. Mwaka wa 1958 alijiuzulu kutoka chama cha kitaifa cha wajenzi wa nyumba kwa sababu kilikataa kuunga mkono sera ya kutobagua wanunuzi. Marekani ilipata sheria ya kitaifa dhidi ya ubaguzi katika uuzaji wa nyumba miaka kumi baadaye, mwaka wa 1968.

Sasa turudi kwenye nyumba yenyewe. Ukiitazama kutoka barabarani unaweza kuipita bila kugeuza shingo. Paa ni la chini, karibu tambarare. Ukuta wa mbele ni mbao zenye mifereji iliyosimama wima, na mara nyingi hauna dirisha la maana. Ni kama imekupa mgongo. Ukiingia ndani, mambo yanabadilika. Nyingi kati ya zile za baadaye zina ua mdogo katikati, ulio wazi juu, na vyumba vimeuzunguka. Nguzo na boriti ndizo zinazobeba paa, kwa hivyo kuta za nje hazina mzigo mkubwa na nafasi yake inaweza kuchukuliwa na kioo. Mabomba ya maji moto yamefukiwa ndani ya sakafu ya zege, ukitembea pekupeku wakati wa baridi unahisi joto.

Kitu cha kushika hapa ni kwamba faragha ya nyumba hizi haikuletwa na kuta. Ililetwa na mpangilio wa mtaa mzima. Kila nyumba ilikuwa fupi na ililazwa kwenye ploti yake kwa namna ambayo haioni kwa jirani. Kwa maneno mengine, usiri wako uliwekwa mikononi mwa jirani, na wake mikononi mwako, wala hakuna aliyeandikiwa kwenye hati ya shamba kwamba ni mali yake.

Mpango huo ulisimama mradi ardhi ilikuwa nafuu. Kisha kompyuta zikaja, simu zikaja, na leo bei ya wastani ya nyumba Palo Alto inapita dola milioni 3, karibu Sh390 milioni. Mtu akilipa hela kama hizo, mara nyingi analipia udongo. Nyumba iliyo juu yake ni ya miaka 60 au 70, paa tambarare linavuja, kioo ni cha tabaka moja na kinapoteza joto, na lile bomba la sakafuni likipasuka fundi ataanza kwa kupasua zege. Sitamlaumu anayetaka kubomoa. Tena kuna sehemu za kusini mwa jiji ambazo zimo kwenye eneo la mafuriko, na sheria inataka nyumba mpya iinuliwe juu ya kiwango cha maji. Hivyo ghorofa ya jirani huanza ikiwa tayari imesimama kwenye jukwaa.

(Kinaya kimoja: Steve Jobs alimweleza Walter Isaacson, mwandishi wa wasifu wake, kwamba nyumba za Eichler zilimfunza kupenda vitu vizuri vinavyoweza kununuliwa na watu wengi. Baadaye ikabainika kuwa nyumba aliyokulia ilijengwa na mshindani wa Eichler aliyeiga mtindo huo. Lakini somo lilimwingia, na utajiri wa kampuni kama yake ndio huo unaobomoa zile za asili.)

Kabla ya mwongozo wa 2018, wakazi walikuwa na silaha moja kali. Sheria za jiji zinaruhusu mtaa uombe kupigwa marufuku ya ghorofa. Lazima asilimia 70 ya wenye nyumba wakubali, au 60 pale ambapo hati za mwanzo za mtaa tayari zilikataza ghorofa. Ukikubaliwa, urefu unabaki futi 17, wakati kwingineko mtu anaweza kwenda hadi futi 30. Maombi yaliongezeka sana mwaka wa 2015 na 2016, na si yote yaliyoisha kwa amani. Watu waliogongana salamu kwa miaka walianza kuhesabiana sahihi. Kuna aliyetaka kulinda bustani yake, na kuna aliyesema ana watoto watatu na mama mzee, ghorofa ndiyo nafasi pekee iliyobaki.

Mwongozo ulijaribu kupita katikati. Haumkatazi mtu ghorofa. Unamwonyesha jinsi ya kuijenga bila kumvua nguo jirani: panua nyumba kwa nyuma, chini, kabla ya kufikiria kwenda juu. Ukienda juu, sogeza ghorofa mbali na mipaka, tumia madirisha membamba yaliyo juu ya kimo cha macho au kioo chenye ukungu, na usitazamishe madirisha makubwa kwenye ukuta wa kioo wa mwenzako. Paa liwe na mteremko mdogo. Mbao za mbele zifanane na za mtaa. Panda miti mahali penye pengo. Kwa mtu ambaye msanifu wake hajawahi kusikia jina Eichler, hayo ni mengi.

Swali la wazi ni nani atafuata. Ukaguzi wa faragha upo tangu 2001 kwa anayejenga nyumba ya ghorofa, na huo ni wa lazima. Lakini mwongozo wenyewe hauna faini wala askari. Ukiupuuza, kibali hakikukimbii. Hata mitaa ya Green Gables na Greenmeadow, iliyoingizwa mwaka wa 2005 kwenye orodha ya kitaifa ya maeneo ya kihistoria, haina kinga ambayo wengi hudhani inayo: orodha hiyo haimzuii mwenye mali kubomoa kwa pesa zake mwenyewe.

Miji mingine imechagua njia nyingine. Sunnyvale iliandika mwongozo wake mwaka wa 2009. Mji wa Orange, kusini mwa California, ulikaza zaidi: mwaka wa 2018 uliifanya mitaa yake mitatu ya Eichler kuwa maeneo ya kihistoria yenye viwango vya usanifu ambavyo lazima vifuatwe.

Binafsi ningeona njia ya Orange ndiyo safi, kama si jambo moja. California haina nyumba za kutosha. Walimu na wauguzi wanaohudumia Silicon Valley wanasafiri saa nyingi kwa sababu hawawezi kupanga karibu na kazi. Tangu Januari 2022, sheria ya jimbo inayoitwa SB 9 inamruhusu mwenye ploti ya nyumba moja kuigawa na kujenga hadi nyumba nne, ila maeneo yaliyotambuliwa rasmi kuwa ya kihistoria hayaguswi. Kwa hivyo kila mtaa unaofungiwa kwa jina la urithi ni mtaa ambao mwalimu hataingia. Na mtu aliyejenga mitaa hiyo ndiye yuleyule aliyejiuzulu chama akitaka milango iwe wazi kwa wote.

Wanaotetea mwongozo wa hiari hujibu kwamba nyumba ndogo ya pili inaweza kujengwa uani, fupi, yenye paa la chini, na jirani asipoteze chochote. Kwenye michoro inawezekana. Kwenye ploti, mwenye dola milioni 3 ndiye anayeshika kalamu, na aliye upande wa pili wa ua anasubiri kuona dirisha litawekwa wapi.