Je, Wajua? Boksi la Viatu, Hundi Zisizo na Jina na Vituko vya Fedha katika Majimbo ya Marekani

Habari za Washington tumezisikia hadi zimetuchosha. Lakini Marekani ina majimbo 50, na kila jimbo lina gavana wake, bunge lake na, hapa ndipo penye utamu, visa vyake vya fedha za siasa. Sheria nyingi za maadili ya viongozi huko zilizaliwa na mkasa ambao mtunzi wa riwaya angeona haya kuubuni. Mara nyingine kilichokuwa halali kinashangaza kuliko kilichokuwa haramu.

Boksi la viatu la Springfield

Paul Powell, Katibu wa Jimbo la Illinois, alipofariki Oktoba 1970, katika makazi yake ya hotelini mjini Springfield zilikutwa takriban dola 800,000 taslimu, nyingine zimesokomezwa ndani ya boksi la viatu. Mshahara wake haukuwahi kuzidi dola 30,000 kwa mwaka. Piga hesabu: angehitaji zaidi ya miaka 26 ya kuweka akiba kila senti, bila kula, bila nauli, bila kuchangia harusi ya mtu. Waliohesabu mali zake walikuta pia kreti 49 za wiski, redio 14 na katoni mbili za mahindi ya kopo. Wiski naielewa, redio pia naielewa. Mahindi yamenishinda.

Hongo kwenye fomu ya kodi

Huko huko Illinois, mwanamke aliyesimamia viwanja vya mbio za farasi alimpatia Gavana Otto Kerner hisa kwa bei ya kutupwa, kisha akaziingiza kwenye fomu zake za kodi, akidai aliamini kwamba katika jimbo hilo hongo ni gharama ya kawaida ya biashara! Siri ikafichuka, na mwaka 1973 Kerner, ambaye wakati huo alishakuwa jaji wa mahakama ya rufaa, akatiwa hatiani.

Tangu hapo magavana wengine watatu wa Illinois wameonja jela baada ya kuacha madaraka: Dan Walker, George Ryan na Rod Blagojevich. Huyu wa mwisho alikamatwa Desemba 2008 kwa kutaka kukipiga bei kiti cha useneta kilichoachwa na Barack Obama, yule ambaye ukoo wa baba yake uko Kogelo. Wakati huo Illinois haikuwa na kikomo cha michango ya kampeni. Tajiri angeweza kumwandikia mwanasiasa hundi yenye sifuri kadiri mkono wake utakavyovumilia. Vikomo vilianza kutumika Januari 2011.

Hundi mchana kweupe

Mwaka 1989 Lonnie "Bo" Pilgrim, tajiri wa kuku wa Texas, aliingia katika ukumbi wa Seneti ya jimbo na kuanza kuwagawia maseneta hundi za dola 10,000 kila moja. Mahali pa jina la mlipwaji palikuwa wazi, mwenye bahati ajaze mwenyewe. Kilichokuwa kikijadiliwa siku zile ni fidia ya wafanyakazi wanaoumia kazini, jambo linalomgusa sana mtu mwenye viwanda vya kuchinja kuku. Ajabu ya Mungu, hakuvunja sheria yoyote. Miaka miwili baadaye wapigakura wa Texas waliidhinisha Tume ya Maadili, na leo ni marufuku kupeana michango ya kampeni ndani ya jengo la bunge. Nje ya geti ni habari nyingine.

Baga mbili na soda

California ina washawishi, watu wanaolipwa na makampuni na vyama ili wazungumze na wabunge, na sheria ya huko inamruhusu mshawishi kumpa mbunge zawadi isiyozidi dola 10 kwa mwezi. Basi! Jerry Brown, aliyeipigia debe sheria hiyo kabla hajachaguliwa gavana, alieleza kwamba fedha hizo zinatosha baga mbili na Coca-Cola moja. Wapigakura waliipitisha Juni 1974 kwa karibu asilimia 70. Nusu karne imepita, bei zimepanda mara kadhaa, kiwango kimebaki pale pale. Wisconsin ni wakali zaidi: huko mshawishi haruhusiwi kumnunulia mbunge hata kikombe cha kahawa.

Mbunge wa dola 100

Mbunge wa kawaida wa New Hampshire analipwa dola 100 kwa mwaka, kiwango kilichowekwa mwaka 1889 na hakijaguswa. Baraza lao la Wawakilishi lina wajumbe 400 katika jimbo lenye watu wapatao milioni 1.4, kwa hiyo kila mjumbe anawakilisha watu kama 3,500, wengi wakiwa majirani anaokutana nao sokoni. Mishahara ya wote 400 ukiijumlisha ni dola 40,000, haifikii hata nusu ya anacholipwa mbunge mmoja wa California. Wapo wanaosema ujira huo unazuia tamaa. Wengine wanauliza kijana mwenye mkopo wa nyumba atagombea vipi. Mimi nawaza tu namna kikao chetu chochote kingevunjika siku posho hiyo ikitangazwa.

Wakikutana wawili, kikao kimeanza

Florida, tangu mwaka 1967, madiwani wawili wa halmashauri moja wakizungumzia jambo ambalo halmashauri yao italipigia kura, hicho ni kikao, na raia wana haki ya kuhudhuria. Haijalishi kama wako kwenye gofu au wanapigiana simu. Kumtuma mtu wa tatu apeleke ujumbe huku na huko nako kumekatazwa. Anayekiuka kwa makusudi anaweza kufungwa hadi siku 60. Sheria hiyo inaitwa ya Mwanga wa Jua, na inawafunga pia wajumbe wa bodi za shule. Fikiria mkutano wa maendeleo wa wilaya ambao kila kitu hakijaamuliwa jana yake usiku!

Mfalme wa shaba aliyejiuzulu asubuhi akateuliwa jioni

Mwaka 1899 seneta mmoja wa jimbo la Montana aliwaonyesha wenzake bahasha zenye dola 30,000 taslimu, akisema zimetoka kwa watu wa William Clark, tajiri wa migodi ya shaba aliyetaka kuwa seneta wa Washington. Enzi hizo maseneta wa taifa hawakuchaguliwa na wananchi bali na wabunge wa majimbo, na wabunge ni wachache, wanahesabika, wanafikika. Clark alichaguliwa hata hivyo.

Seneti ya Washington ikachunguza. Mei 1900, alipoona anakaribia kuvuliwa kiti, Clark akajiuzulu. Na hapa ndipo simulizi inapokolea. Gavana wa Montana, ambaye hakuwa rafiki yake, alikuwa safarini nje ya jimbo, hivyo madaraka yalikuwa kwa naibu wake, ambaye rafiki yake alikuwa. Naibu akamteua Clark kuziba nafasi iliyoachwa wazi na… Clark. Gavana alirudi akiwaka moto na kuutangua uteuzi. Haikusaidia sana: mwaka 1901 Clark alichaguliwa tena, safari hii akakaa hadi 1907.

Wananchi wa Montana walijibu mwaka 1912 kwa kupiga kura ya kuyazuia makampuni kutia fedha katika uchaguzi. Mwaka uliofuata katiba ya Marekani ilibadilishwa ili maseneta wachaguliwe na wapigakura wenyewe. Sheria ya Montana iliishi miaka 100 kamili: mwaka 2012 Mahakama Kuu ya Marekani iliifuta. Jina la Clark nalo halijapotea. Wilaya ulipo mji wa Las Vegas inaitwa Clark County kwa ajili yake, kwa sababu ya reli aliyoipitisha huko.

Boksi jingine, hili halijaonekana

Huey Long, aliyekuwa gavana wa Louisiana, aliwakata watumishi wa serikali ya jimbo sehemu ya mishahara yao, na fedha taslimu zikaingia katika kisanduku cha kampeni zake. Alipopigwa risasi ndani ya jengo la bunge Septemba 1935 na kufariki, kisanduku kilitafutwa bila mafanikio, na hakijapatikana mpaka leo.

Jimbo hilo hilo, mwaka 1991, lilikuwa na uchaguzi wa ugavana kati ya Edwin Edwards, aliyeandamwa na tuhuma za rushwa kwa miaka mingi, na David Duke, kiongozi wa zamani wa kundi la wabaguzi wa rangi la Ku Klux Klan. Magari yalibandikwa stika zilizowasihi watu wampigie kura mwizi, kwa kuwa jambo hilo ni muhimu. Mwizi akashinda kwa asilimia 61, na mwaka 2000 akatiwa hatiani kweli.

Kofia za wala rushwa

Wabunge kadhaa wa Alaska walikuwa na utani wa kujiita klabu ya wala rushwa, wakashonewa na kofia zenye herufi za jina hilo. Mwaka 2006 wapelelezi wa FBI walivamia ofisi zao na miongoni mwa walivyovitafuta ni kofia hizo. Kamera ilikuwa imefichwa kwenye chumba namba 604 cha hoteli moja mjini Juneau, walimokutana na wakubwa wa kampuni ya huduma za mafuta. Sheria mpya ya maadili ikapita mwaka uliofuata.

Rolex isiyo na tatizo

Gavana Bob McDonnell wa Virginia na mkewe walipokea kwa mfanyabiashara mmoja zawadi na mikopo ya zaidi ya dola 175,000, ikiwemo saa ya Rolex na gharama za chakula cha harusi ya binti yao. Sheria ya Virginia haikuwa na kikomo cha zawadi! Baraza la wazee wa mahakama ya shirikisho lilimtia hatiani mwaka 2014 kwa sheria za taifa, lakini miaka miwili baadaye majaji wote wa Mahakama Kuu ya Marekani wakaitengua hukumu: kupanga mikutano na kumtambulisha mfadhili kwa watu, walisema, peke yake si kutumia madaraka. Virginia sasa imeweka kikomo cha dola 100.

Ukienda kasi, unachangia kampeni

Arizona hugharimia wagombea wasiotaka fedha za matajiri kwa kuongeza asilimia 10 juu ya faini, zikiwemo za barabarani. Mwaka 2002 Janet Napolitano akawa gavana wa kwanza Marekani kuchaguliwa kwa kampeni iliyolipiwa yote na mfuko wa umma. Connecticut, baada ya Gavana John Rowland kujiuzulu mwaka 2004 kwa skandali iliyohusu, pamoja na mengine, jakuzi la nyumba yake ya mapumziko, ilianzisha mfuko kama huo na kuujaza kwa mali zilizotelekezwa: akaunti za benki zilizosahauliwa na kadhalika.

Dola 5, dola 50 na vocha nne

Maine, mgombea wa baraza la chini hupata ruzuku ya kampeni akishapata watu 60 wa jimboni kwake waliotoa dola 5 kila mmoja, hesabu inayomlazimisha kupiga hodi nyumba hata nyumba. New York, anayegombea bunge la jimbo akipewa dola 50 na mkazi wa jimbo lake la uchaguzi, mfuko wa umma unaongeza 600, kwa hiyo muuza mboga anaanza kustahili kupigiwa simu.

Lakini kinachonivutia zaidi ni mji wa Seattle, ambao tangu uchaguzi wa 2017 huwapelekea wakazi vocha nne za dola 25 kwa posta ili wampe mgombea wa mji wanayempenda. Si lazima uwe raia; hata mama mzaliwa wa Mombasa mwenye kadi ya kijani anazo dola zake 100 za kugawa. Jina la kila aliyeitumia vocha, na mgombea aliyempa, huwekwa hadharani, ili majirani wenye udaku wasihangaike.