KWA NINI NYASI ZA MBUGA HAZIFI

Jumamosi moja ya mwezi wa Agosti, sisi wanafunzi ishirini na wanne tulipanda gari kabla ya mapambazuko, tukaenda kutembelea Hifadhi ya Taifa ya Ibanda-Kyerwa. Mahali hapo palikuwa pori la akiba mpaka mwaka 2019, serikali ilipopafanya hifadhi ya taifa. Ng'ambo ya Mto Kagera, kaskazini ni Uganda na magharibi ni Rwanda.

Tulitembea kwa mstari mmoja, askari wa hifadhi mwenye bunduki akiwa mbele, na Mwalimu wetu wa Baiolojia nyuma. Wengi wetu tulitamani kuona nyati. Lakini Mwalimu alisema, "Leo tazameni chini kwanza." Akainama, akatuonyesha shina la nyasi.

Alitueleza hivi. Mti hukua kwa ncha zake. Ncha ikiliwa au ikiungua, mti hurudi nyuma sana. Nyasi hukua kutoka chini, karibu na udongo. Mnyama akila jani, au moto ukipita, sehemu inayochipua husalimika, na chakula kilichowekwa katika mizizi huitia nguvu mpya. Ndiyo sababu mbuga haigeuki kuwa kichaka: moto na meno ya wanyama huidhuru miche ya migunga kuliko nyasi.

Mbele kidogo tuliona kundi la swala pala. Walikula hapa, wakasogea pale, hatimaye wakatokomea bondeni. Mwalimu akasema, "Mmeona? Wamekula, wakaondoka. Sasa nyasi zitapumzika, majani yatarudisha chakula katika mizizi."

Neno hilo lilinichoma moyo. Mimi ni mtoto wa mfugaji. Nilipokuwa na umri wa miaka kumi, niliwasha moto kilimani kwetu mwishoni mwa kiangazi, ili ng'ombe wapate majani mabichi. Majani yalichipua kweli, nami nikawapeleka ng'ombe siku ile ile nilipoyaona, na kila siku baada ya hapo. Nilifanya vivyo hivyo miaka mitatu. Mizizi haikupata nafasi ya kujaza akiba yake. Mvua za Septemba zilikikuta kilima kitupu, zikachukua udongo mpaka katika chemchemi yetu. Leo mama huenda mbali kuteka maji, na aliyefanya hayo ni mimi.

Likizo iliyopita nilimlaumu babu kwa kutufundisha kuchoma. Baada ya matembezi haya naona nilimkosea heshima. Zamani, alinisimulia, walichoma upande mmoja, kisha wakahamisha ng'ombe hadi kilima kingine. Walifanya kama wale swala. Siku hizi vilima vimejaa mashamba na nyumba, na pa kuhamia ni padogo. Lakini hata kilima kimoja chaweza kugawanywa mafungu, moja likiliwa na mengine yakipumzika.

Wazazi wetu mtakaosoma gazeti hili, nawaomba jambo hili mlifikirie. Nami nikifunga shule Desemba nitamwomba babu msamaha, kisha nitamwomba baba anipe fungu moja tu la kilima, nilizungushie miti ya michongoma, ng'ombe wasilikanyage kwa mwaka mzima.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne