Mbwa Aliyebweka Usiku Mmoja

Sogeeni karibu, wapwa zangu. Mmoja wenu ameniuliza, "Mjomba, mtu akiingiwa na VVU anajisikiaje?" Swali zuri sana! Wakubwa wengi hapa Himo huona haya kuliuliza.

Basi sikilizeni. Mwizi aliingia kihambani, huko juu Marangu. Mbwa akabweka: "Nani yumo migombani? Nani yumo?" Akabweka, akabweka, kisha akanyamaza.

"Mwizi ameondoka?"

Wapi! Amejificha migombani.

Mwili nao hubweka. Wiki 2 hadi 4 baada ya virusi kuingia, huweza kuja homa, koo kuuma, vipele, uchovu, na mitoki shingoni na kwapani. Kisha kimya. Mtu anasema, "Ilikuwa malaria tu." Wengine hawasikii chochote, na wanaweza kukaa miaka mingi wakijiona wazima.

"Kwa hiyo nikipata homa nina VVU?"

Taratibu, mwanangu. Homa ina sababu tele. Wala hakuna anayemjua mwenye VVU kwa kumtazama. Inaniuma sana nikisikia watoto wakimnyooshea mwenzao kidole kwa kuwa amekonda.

"Sasa atajuaje?"

Apime. Anatobolewa kidole, tone la damu linadondoshwa kwenye kipimo kidogo cha plastiki, na baada ya dakika 20 hivi mistari inasomwa. Kipimo hicho hakimtafuti mwizi mwenyewe. Kinatafuta nyayo za mbwa aliyembwekea, yaani kingamwili ambazo mwili hutengeneza dhidi ya virusi, na nyayo hizo huchelewa kuonekana. Ndiyo maana aliyepima mapema huambiwa arudie baada ya miezi 3. Tangu 2019, sheria yetu inamruhusu mwenye miaka 15 kupima bila idhini ya mzazi.

"Na akikutwa navyo?"

Mwaka 1983, wagonjwa wa kwanza nchini walipogundulika Kagera, dawa haikuwepo. Mwaka 1990 akina mama wa Moshi walianzisha kikundi chao, KIWAKKUKI, wakawaelimisha watu na kuwahudumia wagonjwa majumbani. Nawaheshimu mno akina mama wale. Leo dawa za kufubaza virusi zinatolewa bure. Anayezimeza kila siku anasoma, anafanya kazi, anazeeka.

Jambo moja zaidi, na hili mlishike. Mtu akikufanyia ubaya wa kingono, au ukichomwa na sindano iliyotumika, usingoje homa. Wahi hospitali kabla ya saa 72 kupita. Kuna dawa ya kuzuia virusi visijenge makao. Mwambie mkubwa unayemwamini, hata kama ni usiku wa manane. Ukimkosa, nigongee mimi mlango.