Kuchagua Nguo za Mitumba

Maongezi yangu ya leo ni habari za nguo zilizokwisha kuvaliwa na wengine, na jinsi mtu mwenye fedha kidogo awezavyo kuzichagua hata akawa maridadi. Huenda wako watakaoshangaa kumsikia mwalimu akisema maneno ya mavazi. Lakini kazi yangu ni kuwafundisha vijana wanaokwenda kuwa waalimu, na kila mwaka, kabla hawajapelekwa katika mazoezi ya kufundisha, huniuliza swali lile lile: "Mwalimu, nitavaa nini?" Kijana asiye na jibu la swali hilo halali usiku. Hawazi somo lake, huwaza macho themanini ya watoto arobaini yatakayomtazama.

Na tuanze na jina lenyewe. Sisi twaziita mitumba, yaani mafurushi, kwa sababu zafika zimefungwa marobota. Katika Tanzania watu wazima wakumbuka jina jingine, kafa Ulaya, maana ilidhaniwa ya kwamba mwenye nguo amekufa huko, ndiyo sababu nguo yake imetufikia. Watu wa Zambia husema salaula, neno la Kibemba lenye maana ya kuchakura na kuchagua katika fungu. Watu wa Rwanda na Burundi husema caguwa, nalo ni neno letu "chagua" lililovuka mpaka. Mimi nayapenda zaidi majina haya mawili ya mwisho. Jina letu lataja mzigo tu, bali yale yataja kazi impasayo mnunuzi.

Wenye nguo hawakufa. Katika Ulaya na Marekani, na siku hizi katika China pia, watu hununua nguo nyingi kuliko wawezavyo kuzichakaza. Wakizichoka huzitoa kwa vyama vya hisani, au huzitia katika masanduku yaliyowekwa kando ya barabara. Huko huchambuliwa. Zilizo bora huuzwa katika maduka ya vyama hivyo, na zilizosalia huuzwa kwa uzito kwa wafanya biashara, ambao huzipanga kwa aina, mashati kwa mashati na makoti kwa makoti, kisha huzishindilia kwa mashine na kuzifunga. Robota moja aghalabu huwa na kilo 45. Ndipo husafiri kwa meli hata Mombasa na Dar es Salaam, na kutoka huko zikaenea Gikomba katika Nairobi, Karume katika Ilala, na hata katika minada ya vijiji vyetu.

Jambo hili lafaa kujulikana, maana ndilo linaloeleza bei. Mwenye kuuza reja reja hununua robota lililofungwa, asijue kilichomo. Akilifungua, huenda akakuta nguo njema kumi na tano, na zilizobaki za kadiri tu, au mbovu. Hapana budi arudishe fedha yake, basi zile njema huzipandisha bei sana asubuhi ile ile, na zile zilizokwisha kupekuliwa na kila mtu huziuza baadaye kwa bei ya kutupa. Watu wa Nairobi wamezipa majina: zile za kwanza huitwa kamera, na za mwisho fagia. Kwa hiyo soko moja ni masoko mawili. Mwenye fedha na aende siku ya kufungua robota. Mwenye fedha kidogo na macho makali na aende siku ya tatu au ya nne. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini katika mitumba mambo yamegeuka, maana kibaya chatundikwa juu kiangaze, na chema mara nyingi kimelala chini ya fungu.

Wala mtu asione haya. Katika London ya karne ya 18, kulikuwa na soko kubwa la nguo kuukuu katika njia iliyoitwa Rosemary Lane, na watu wengi wa kazi katika mji ule walivaa nguo zilizotoka huko. Liko neno zito kuliko la haya, nalo ni la viwanda na mafundi wetu. Katika mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuziondoa nguo hizi sokoni kidogo kidogo. Rwanda ilipandisha ushuru mwaka ule ule, kutoka senti 20 za dola ya Marekani kwa kilo hata dola mbili na nusu. Marekani ikachukizwa, na katika mwaka 2018 ikaizuilia Rwanda ruhusa ya kuingiza nguo zake huko bila ushuru. Kenya, Tanzania na Uganda zilikuwa zimekwisha kurudi nyuma. Neno hili lastahili maongezi yake peke yake. Mimi leo nasema na yule ambaye kesho atasimama mbele ya fungu la nguo, akiwa na shilingi chache mkononi.

Mtu wa namna hiyo nalimfahamu. Alikuwa kijana wa chuo, mtoto wa mjane. Mama yake aliuza madebe mawili ya maharage akampa fedha zote ili anunue nguo za kufundishia. Kijana akaenda sokoni, akarudi na koti moja jeusi linalong'aa kama mgongo wa mende, lenye jina la kiwanda mashuhuri limeshonwa ndani ya ukosi. Fedha zote ziliishia katika koti hilo. Siku ya tatu ya mazoezi aliinua mkono kuandika ubaoni, na koti zima likainuka pamoja na mkono, ukosi ukamfunika masikio. Watoto wakacheka. Akalipeleka kwa fundi wa cherehani, naye fundi akamwambia, "Ndugu yangu, bega ndiyo nguzo ya koti. Kulibomoa bega ni kushona koti jipya, na wewe huna fedha ya koti jipya."

Jioni ile alikuja kwangu, akasimama mlangoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Una nini?"

"Fedha za mama nimezitupa, Mwalimu. Wala sijui nitamwambiaje."

Tuliliuza koti kwa chini ya nusu ya bei aliyolinunulia, na kwa fedha hizo tukaenda sokoni pamoja siku ya Jumamosi. Lakini kabla ya kwenda nilimpima kwa uzi. Huo ndio ufundi wa kwanza, nao hauna gharama. Twaa uzi mrefu, upime kutoka ncha ya bega moja hata ncha ya la pili, ufunge fundo. Kisha kifua, kisha kiuno, kisha urefu wa mkono, kisha wa mguu kutoka kiunoni, na kila kipimo ufunge fundo lake. Uweke uzi mfukoni. Nambari zilizoandikwa katika nguo usizitumainie, kwa kuwa kila nchi ina hesabu yake. Gauni la nambari 8 la Marekani laelekea kuwa sawa na la nambari 12 la Uingereza. Tena nguo iliyofuliwa mara nyingi huenda imeruka, na nambari yake haikuruka pamoja nayo. Uzi hausemi uongo, nawe sokoni huna mahali pa kuvulia suruali.

Tulipofika, mkono wake ulikwenda moja kwa moja kwenye rangi kali. Nikamwambia afumbe macho apapase. Watu wakatucheka, lakini mkono una elimu ambayo jicho halina. Kunja pindo la nguo ndani ya ngumi, uhesabu hata kumi, kisha uliachie. Pamba na kitani hubaki na makunyanzi. Sufu hujikunjua yenyewe taratibu, kama kitu chenye uhai. Nguo za poliesta huteleza na kurudi upesi, na katika jua la mchana hukutoa jasho, kama kijana wetu alivyokwisha kujua. Nyumbani waweza kuhakikisha kwa kuchoma uzi mmoja uliochomoka: wa pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini, wa sufu hunuka nywele, na wa poliesta huyeyuka ukawa kishanga kigumu. Usifanye hivyo mbele ya muuzaji.

Nguo ikikupendeza mkononi, iinue juani. Hapo utaona matundu ya nondo katika sufu, na mahali palipopungua unene, yaani viwiko vya koti na makalio ya suruali. Kisha igeuze ndani nje. Mishono iliyonyoka, iliyoachiwa kitambaa cha kutosha pande zote mbili, yaonyesha ya kuwa aliyeishona hakuwa na haraka, na tena yakupa nafasi ya kupanua. Tazama kwapani, madoa ya manjano ya jasho aghalabu hayatoki kwa sabuni yo yote. Kifungo kilichopotea si kitu, tena ni sababu njema ya kuomba kupunguziwa. Zipu iliyoharibika ni gharama. Nasema ni gharama, si kwamba nguo haifai, maana bei ya kweli ni ya muuzaji pamoja na ya fundi, na mwenye akili huijumlisha kabla hajatamka neno. Fundi aweza kupunguza kiuno, kufupisha mikono na kubana miguu ya suruali. Bega hawezi, ila kwa taabu nyingi, wala hawezi kurefusha kisicho na kitambaa ndani ya pindo.

Siku ile tulipata suruali ya sufu ya rangi ya majivu, ndefu kupita kiasi, na kwa hiyo rahisi. Tulipata na shati jeupe la pamba nzito ambalo kila mtu alikuwa amelitupa, kwa sababu ukosi wake umelika mahali unapogusa shingo. Fundi aliufumua ukosi ule, akaugeuza, upande uliochakaa ukawa chini, akaushona tena. Kazi ya nusu saa. Shati likawa jipya machoni pa watu. Na mama aliyetuuzia, tulipomwamkia na kumwambia twatafuta nguo za mwalimu, alichomoa chini ya meza yake shati jingine la buluu ambalo hakuwa amelitundika. Heshima nayo hupunguza bei.

Sasa nisemeje juu ya umaridadi wenyewe? Watu wengi huuchanganya na ulimbwende. Mlimbwende huvaa ili nguo itazamwe. Maridadi huvaa, nawe ukamtazama yeye. Kijana wangu aliponunua koti lile alimwiga mtu aliyemwona katika picha, mtu mwenye mabega mengine, na kazi nyingine, na hewa nyingine. Wake zetu wa pwani hawafanyi kosa hilo katika kanga. Mwanamke akisimama dukani huifungua kanga, huitupa begani aone kama rangi yamkubali, husoma maneno yaliyoandikwa, afikiri atakayeyasoma ni nani. Doti moja, maswali matatu. Basi nawe usimamapo mbele ya mitumba, jiulize: Nguo hii yaukubali mwili wangu na rangi yangu? Yafaa kazi yangu, mathalan kuinama, kuandika, kupanda baiskeli? Na nyumbani ninazo nguo tatu zinazoweza kuvaliwa pamoja nayo? Swali hili la tatu ndilo linalookoa fedha kuliko yote. Kijana yule, kwa suruali moja, mashati mawili, na sweta la kijani alilokuwa nalo tangu zamani, alionekana kuwa na nguo nyingi.

Yuko na msichana wa chuo aliyenifundisha mimi. Yeye hupita meza za magauni asisimame, akaenda kwenye mashati makubwa ya wanaume, kwa sababu kitambaa ni kingi na bei ni ndogo, na pamba yake mara nyingi ni nzuri. Humpelekea fundi, naye humshonea blauzi kwa mfano mmoja tu aupendao, wenye shingo ya mraba na mikono mifupi. Amekwisha kujulikana kwa shingo ile. Watoto wa shule huchora picha yake, nao hawasahau kuichora.

Nguo ikifika nyumbani, isivaliwe kwanza. Ya pamba na ifuliwe kwa maji ya moto na sabuni, ianikwe juani kutwa nzima, ipigwe pasi pande zote mbili. Sufu yataka maji ya vuguvugu bila kusuguliwa, na kivuli badala ya jua, ama sivyo itajikunja ikamfaa mtoto. Nguo za ndani zilizokwisha kuvaliwa zisinunuliwe kabisa. Katika Tanzania kuziuza kumekatazwa.

Yule kijana alimaliza chuo. Siku ya kupewa vyeti mama yake alikuja kutoka shamba, akamzunguka mara moja, akashika kitambaa cha suruali kwa vidole viwili, akakisugua. "Hii ni sufu," akasema, na uso wake ukajaa furaha. Habari za koti jeusi hajaambiwa mpaka leo. Kama anasikiliza jioni hii, namwomba aniwie radhi mimi, wala asimgombeze mwanawe.