Prosesa Mpya katika Bodi ya Zamani

Mtu anaponunua prosesa mpya, akaitoa katika kisanduku chake, akaiweka kwa upole juu ya soketi ya mazabodi iliyomtumikia miaka kadhaa bila kumsumbua, akapaka pesti, akafunga feni, akabonyeza swichi, kisha akaona taa zinawaka na feni inazunguka ilhali skrini imebaki nyeusi, dhana ya kwanza inayomjia ni kwamba ameuziwa kitu kibovu. Aghalabu dhana hiyo ni dhulma. Prosesa ni nzima, bodi ni nzima, na RAM nayo haina ila. Kilichokosekana ni maarifa, kwa kuwa bodi ile iliandikiwa programu yake ya ndani wakati prosesa ile haijatengenezwa, na tangu siku hiyo hapana aliyeifunza jambo jipya. Programu hiyo ndiyo BIOS. Muradi wa makala haya ni kueleza kazi yake, kisa cha kuhitaji kwake kuhuishwa, na tartibu ya kuihuisha kwa salama, ili bodi ambayo bado ina umri wa kuishi isitupwe kwa sababu ya kutofahamika.

BIOS hukaa ndani ya chipu moja yenye miguu minane, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, iliyolehemiwa juu ya mazabodi. Umeme unapoingia, prosesa haijui kama kuna RAM, haijui kama kuna diski, wala haijui kama kuna skrini. Maagizo ya mwanzo kabisa hutoka katika chipu hiyo. BIOS ndiyo inayoitambua prosesa kwa namba yake, ikaipa volti inayoistahiki, ikaamsha viini vyake, ikaipangia RAM mwendo wake, ikafungua njia za kadi ya picha na za diski, na baada ya hayo yote ikaikabidhi kazi Windows au Linux. Fauka ya hayo, huipa prosesa maagizo ya ndani yaitwayo maikrokodi, ambayo husahihisha kasoro zilizogunduliwa baada ya prosesa kutoka kiwandani. Na kwa kuwa maagizo hayo hufutika kila umeme unapozimwa, sharti yatolewe upya kila kompyuta inapowashwa. Basi prosesa ambayo habari zake hazimo katika BIOS haina wa kuiamsha, hata ikiwa ni bora kuliko zote zilizoitangulia.

Hapo kale, kurekebisha programu hii ilikuwa kazi ya bisibisi na koleo. Kompyuta ya IBM iliyotoka Agosti 1981 ilikuwa na BIOS iliyoandikwa katika chipu za ROM zisizofutika, na baadhi ya walionunua zile za mwanzo, walipotaka kuziongezea diski kuu, iliwalazimu kung'oa chipu na kutia nyingine yenye BIOS ya tarehe 27 Oktoba 1982, iliyojua kutafuta programu zilizomo katika kadi za nyongeza. Chipu za flashi, zilizoenea katika miaka ya 1990, zilileta faraja na hatari kwa pamoja, kwa maana kinachoweza kuandikwa na mwenye nia njema huweza kufutwa na mwenye nia mbaya. Tarehe 26 Aprili 1999 kirusi kilichoitwa CIH, kilichotungwa Taiwan mwaka uliotangulia, kilifuta BIOS za kompyuta nyingi duniani, zikawa haziwaki tena. BIOS za leo zimejengwa juu ya kanuni mpya za UEFI, na zina ulinzi ambao zile za zamani hazikuwa nao. Walakini chipu bado ni ya flashi, na kuiandika upya kumebaki kuwa amali inayotaka hadhari.

Hapana kielelezo kilicho bayana zaidi cha jambo hili kuliko soketi ya kampuni ya AMD iitwayo AM4, yenye matundu 1,331, ambayo prosesa za Ryzen zilianza kuikalia Machi 2017. Kampuni iliahidi kuitunza soketi hiyo hadi mwaka 2020, na ahadi ya namna hiyo ilikuwa adimu. Kwani mshindani wake, Intel, katika Oktoba ya mwaka huohuo, alitoa prosesa za kizazi cha nane zilizokaa katika soketi ya pini 1,151 kama zile zilizotangulia, lakini zikakataliwa na bodi zilizotangulia. Juu ya AM4 mambo yalikwenda kinyume cha hayo: prosesa mpya zilikuja mwaka 2018, zikaja tena Julai 2019, zikaja tena Novemba 2020, na kila kundi lilikuja na BIOS yake. Zilipotoka Ryzen 2200G na 2400G, Februari 2018, wanunuzi walijikuta na prosesa mpya mkononi na bodi iliyotoka kiwandani na BIOS ya zamani, wala hawana prosesa nyingine ya kuiwashia bodi ili ihuishwe. AMD iliwafanyia insafu: ikafungua mpango wa kuwaazima prosesa ya bei nafuu, A6-9500, waiwashie bodi, waihuishe, kisha wairudishe.

Shida kubwa zaidi ilikuwa nafasi. Bodi nyingi za AM4 zilikuwa na chipu ya BIOS ya megabaiti 16, na kila kizazi cha prosesa kilidai fungu lake humo. Baadhi ya watengenezaji waliondoa picha na mapambo katika kurasa za BIOS, yakabaki maandishi makavu; baadhi wakafuta habari za prosesa kongwe za ukoo wa Bristol Ridge; na MSI ikatoa bodi zilizoitwa MAX, zenye chipu ya megabaiti 32. Kisha, Mei 2020, AMD ikatangaza kwamba prosesa za Ryzen 5000 zilizokuwa njiani hazitakubaliwa na bodi zilizotangulia zile za X570 na B550, na udogo wa chipu ukatajwa miongoni mwa sababu. Watu waliokuwa wamenunua bodi za B450 na X470 kwa kuiamini ile ahadi walighadhibika, wakasema waziwazi, na kabla mwezi haujaisha kampuni ikabadili kauli: bodi hizo zitaandikiwa BIOS, kwa sharti kwamba prosesa nyingi za zamani zitaondolewa ndani yake na kwamba anayevuka upande wa pili asitarajie kurudi. Mwaka 2022 ruhusa hiyo ikafika hata kwa bodi za kwanza kabisa, zile za A320, B350 na X370. Hivyo bodi iliyonunuliwa mwaka 2017 ikaweza kupokea Ryzen 7 5800X3D ya Aprili 2022, prosesa yenye viini 8 na akiba ya ndani ya megabaiti 96. Kwa miaka mitano shaba na plastiki ya bodi ile haikubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni maandishi yaliyomo ndani ya chipu moja, na azma ya wenye kuyaandika.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Mwanzo wake ni kusoma. Jina kamili la bodi, pamoja na namba ya toleo lake kwa zile zenye matoleo zaidi ya moja, huandikwa juu ya bodi yenyewe. Na aliyemo ndani ya Windows akiandika msinfo32 huonyeshwa toleo na tarehe ya BIOS aliyo nayo. Akisha kuyajua hayo, aende katika tovuti ya mtengenezaji wa bodi, si ya mtu mwingine yeyote, atafute orodha ya prosesa zinazokubaliwa, ambamo mbele ya kila prosesa hutajwa toleo la BIOS lililoanza kuitambua. Ikiwa prosesa anayoitamani haimo, asiinunue. BIOS haiongezi nguvu za sehemu zinazolisha prosesa umeme, na bodi duni iliyojengewa prosesa ya wati 65 haifai kutwishwa mzigo mzito zaidi kwa sababu tu soketi zinalingana. Asome pia maelezo ya kila toleo, maana bodi nyingine hudai kupitishwa kwanza katika toleo la kati, na matoleo mengine hayana marejeo.

Jambo la pili, ambalo ndilo shina la kazi yote, ni kuihuisha bodi kabla ya kuing'oa prosesa ya zamani. Watu wengi huanza kwa kung'oa, kwa shauku ya kuona kipya, kisha hulazimika kurudisha cha zamani, na kila kuondoa na kurudisha huhatarisha pini. Prosesa ya zamani ingali mahali pake, pakua faili la BIOS, lifungue, ulinakili katika flashi ya USB iliyoandaliwa kwa mfumo wa FAT32, uwashe kompyuta huku ukibonyeza Delete au F2, na ndani ya BIOS utakuta chombo cha kuhuishia, ambacho ASUS hukiita EZ Flash, MSI hukiita M-Flash, Gigabyte hukiita Q-Flash, na ASRock hukiita Instant Flash. Kabla ya hapo, piga picha mipangilio yako ya BIOS, kwani yote itarudi kama ilivyotoka kiwandani. Na ikiwa diski ya Windows yako imefungwa kwa BitLocker, yaani kufuli lake la usimbaji, simamisha BitLocker kwanza na uhifadhi ufunguo wake nje ya kompyuta hiyo, la sivyo utaulizwa ufunguo ambao huna. Ukisha kuweka prosesa mpya, yamkini bodi ya AMD ikakuonyesha ujumbe kwamba fTPM, hifadhi ya funguo iliyomo ndani ya prosesa, imebadilika na kukutaka ubonyeze Y au N. Asiye na hakika ya ufunguo wake asibonyeze Y.

Hatari kubwa kupita zote ni umeme kukatika. Chipu inapoandikwa, BIOS ya zamani hufutwa kwanza, na umeme ukikatika katikati hapana ya zamani wala mpya iliyobaki. Katika miji yetu, ambamo umeme huja na kwenda bila hodi, kompyuta iunganishwe na UPS yenye betri nzima, ama kazi iahirishwe mpaka wakati wa utulivu. Dakika chache zile kompyuta isiguswe.

Kwa asiye na prosesa ya zamani, watengenezaji wameweka mlango mwingine. Bodi nyingi za kizazi cha tatu cha prosesa za AM4 na zilizofuata zina kitufe nyuma yake, ambacho ASUS hukiita BIOS Flashback, MSI hukiita Flash BIOS Button na Gigabyte hukiita Q-Flash Plus, kinachoandika BIOS bila prosesa wala RAM, mradi nyaya za umeme zimeunganishwa. Faili hupewa jina linalotakiwa na mtengenezaji, flashi huchomekwa katika tundu la USB lililotiwa alama, kitufe hubonyezwa, na taa ndogo humemeta mpaka kazi iishe. Ikiwa bodi haina kitufe hicho, imebaki kuazima prosesa inayotambuliwa au kumwendea fundi mwenye kifaa cha kuandikia chipu, naye aulizwe kama anajua volti ya chipu hiyo, kwani nyingine hutumia volti 3.3 na nyingine 1.8, na kuikosea ni kuiua.

Baada ya kuhuisha, kompyuta huweza kujizima na kujiwasha mara kadhaa, na skrini ikakawia kwa dakika moja au zaidi, kwa sababu RAM inapangiwa mwendo upya. Usiingiwe na hofu ukauvuta waya. Subiri, kisha ingia katika BIOS, urudishe mipangilio yako, na mwendo wa RAM uliokuwa umeuchagua.

Wako wasemao kwamba BIOS isiguswe kamwe, na wako waihuishao kila toleo linapotoka. Haki iko kati yao. Kompyuta inayofanya kazi haina haja ya kusumbuliwa kwa ajili ya upya peke yake. Lakini prosesa mpya ni sababu, na ulinzi ni sababu, na kasoro iliyothibitika ni sababu, kama ilivyokuwa Agosti 2024, Intel ilipotoa maikrokodi 0x129 kuzuia baadhi ya prosesa zake za kizazi cha 13 na cha 14 zisidai volti ya kuzidhuru, na dawa hiyo ikawafikia watu kwa njia ya BIOS.

Nasaha yangu kwa mnunuzi ni kwamba, anapochagua mazabodi, asiulize bei na soketi tu, bali aulize pia mtengenezaji wake ameziandikia BIOS bodi zake za nyuma kwa muda gani, na kama bodi ina kile kitufe cha kuandikia bila prosesa; maana umri wa bodi hukatwa na kalamu ya mtengenezaji kabla ya kukatwa na uchakavu. Na kwa wenye maduka, hasa wanaouza bodi zilizokwisha kutumika na zisizo na karatasi zake, ombi langu ni dogo: waiwashe bodi, watazame toleo la BIOS, na waliandike juu ya kisanduku pamoja na bei. Kazi hiyo haifiki dakika tano, nayo humwepusha mteja na gharama ya kununua bodi asiyoihitaji.