UKINZAMAJI ULIOKITHIRI: SIRI, MANUFAA NA ILA ZA RANGI ZINAZOFUKUZA MAJI

Utangulizi

Mvua inyeshapo katika mabonde ya nyanda za juu za Kenya, majani ya nduma hubaki makavu. Matone huyaangukia, yakajikunja mithili ya shanga za kioo, yakabiringika hadi ukingoni na kudondoka pamoja na vumbi lililokuwa limetua hapo. Mkulima ameliona jambo hili tangu utotoni na aghalabu halimshangazi. Hata hivyo, katika miongo ya hivi karibuni wanasayansi wameiiga sifa hiyo na kuitia katika mikebe ya kupulizia. Mikebe hiyo huuzwa kwa ahadi kwamba gari halitashika tope, kiatu hakitalowa na shati jeupe halitaingia doa la mchuzi. Makala haya yanadhamiria kufafanua kile kinachotendeka tone linapokutana na rangi ya aina hii. Aidha, yanaonyesha ni kwa nini mnunuzi anafaa kuzipima ahadi hizo kabla ya kutoa fedha zake.

Suala la istilahi

Istilahi ya kimataifa inayotumiwa kurejelea sifa hii imeundwa kutokana na maneno mawili ya Kigiriki, moja likiwa na maana ya maji na jingine hofu. Waama, istilahi hiyo inapotosha kidogo. Jani haliogopi maji, wala maji hayaliogopi jani. Ukweli ni kwamba molekuli za maji huvutana zenyewe kwa zenyewe kwa nguvu zaidi kuliko zinavyovutwa na jani. Kwa sababu hiyo, makala haya yanatumia neno "ukinzamaji", kutokana na kitenzi "kinza" na nomino "maji". Pale ambapo sifa hiyo imevuka kiwango cha kawaida, inaitwa "ukinzamaji uliokithiri".

Wataalamu huupima ukinzamaji kwa kutazama pembe ya mguso, yaani pembe inayofanyika ndani ya tone pale ukingo wake unapokutana na kitu lililokalia. Kwenye kioo safi, tone hutandazika na pembe huwa ndogo. Pembe ikizidi nyuzi 90, kitu hicho huhesabiwa kuwa kinakinza maji. Ikizidi nyuzi 150, na tone likawa linabiringika kitu kiinamishwapo kidogo tu, huo ndio ukinzamaji uliokithiri.

Siri iliyo katika jani

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba nta pekee ndiyo inayolifanya jani lisilowe. Nta ina mchango wake, lakini haitoshi. Hata kemikali iliyo hodari zaidi katika kufukuza maji, ikipakwa juu ya kitu laini kabisa, haiwezi kuifikisha pembe ya mguso mbali zaidi ya takriban nyuzi 120. Sehemu iliyosalia hutokana na umbo la uso wenyewe.

Mwaka 1944, wataalamu Cassie na Baxter walieleza kwamba tone linaweza kukaa juu ya ncha za uso wenye mikwaruzo huku hewa ikiwa imenaswa chini yake. Baadaye, mtaalamu wa mimea Wilhelm Barthlott wa Chuo Kikuu cha Bonn, Ujerumani, aliyachunguza majani mengi kwa hadubini ya elektroni. Yeye na mwenzake Christoph Neinhuis walichapisha matokeo yao mwaka 1997, wakilitolea mfano jani la yungiyungi takatifu la Asia. Jani hilo limejaa vinundu vidogo kuliko unene wa unywele, na juu ya kila kinundu mna fuwele za nta ndogo zaidi. Tone hugusa ncha hizo tu. Sehemu kubwa ya kitako chake hukaa juu ya hewa. Vumbi nalo hukalia ncha zizo hizo, hivyo tone linapopita hulizoa kwa urahisi. Jani la nduma hutumia mbinu iyo hiyo.

Kutokana na maelezo haya, hoja kuu inabainika: kinachofukuza maji si dawa peke yake, bali ni hewa iliyonaswa. Hewa hiyo nayo hushikiliwa na vinundu dhaifu mno.

Kutoka shambani hadi garini

Ugunduzi huo haukubaki vitabuni. Mwaka 1999, rangi ya kuta za nje iliyoiga jani la yungiyungi ilianza kuuzwa nchini Ujerumani. Mwaka 2013, kampuni ya Rust-Oleum ya Marekani ilitoa NeverWet kwa watumiaji wa kawaida. Bidhaa hii hupulizwa mara mbili: tabaka la kwanza hushikamana na kifaa kama gundi, na la pili hubeba chembe ndogo zinazofanya vinundu. Mwaka 2014, kampuni ya Nissan ililifanyia majaribio gari aina ya Note nchini Uingereza, likiwa limepakwa rangi iitwayo Ultra-Ever Dry. Mwaka uliofuata, rangi za aina hii zilipakwa kwenye kuta za mtaa wa St. Pauli mjini Hamburg na za jiji la San Francisco, ili mikojo ya walevi iwarukie wenyewe.

Manufaa yake katika maisha ya kila siku ni bayana. Viatu vya kazi, glavu za turubai, mahema na zana za shambani hukaa vikavu na kusafishika kwa maji kidogo. Kwa mwenye gari, sehemu zisizoguswa mara kwa mara, kama vile upande wa ndani wa matopemkinga, zinaweza kufaidika kwa muda.

Ila za rangi hizi

Wahenga walinena kuwa kizuri hakikosi ila. Ila ya kwanza ni udhaifu wa vinundu. Atakaye kuthibitisha jambo hili alisugue jani la nduma kwa kidole mara kadhaa, kisha alidondoshee maji. Pale palipoguswa, tone hunata badala ya kubiringika, kwa kuwa fuwele za nta zimevunjika. Hali ni hiyo hiyo katika gari. Kitambaa cha kufutia, mchanga unaorushwa na magurudumu, na mikono ya abiria mlangoni, vyote huvikwangua vinundu. Bandu bandu huisha gogo. Tofauti ni kwamba jani lililo hai laweza kutoa nta mpya, ilhali bati la gari haliwezi. Mwenye gari hana budi kununua mkebe mwingine.

Ila ya pili ni sabuni na mafuta. Vyote viwili hupenya mahali ambapo maji matupu hayawezi kupenya. Sabuni hupunguza nguvu ya molekuli za maji kuvutana, nayo maji yakaingia kati ya vinundu na kuifukuza hewa. Kwa mintarafu hii, kuliosha gari kwa sabuni ya povu jingi ni kuiondolea rangi hiyo kinga yake.

Ila ya tatu inahusu uhai wa wasafiri. Vinundu hutawanya mwanga, na kwa hivyo rangi hizi aghalabu huacha utando mweupe kama ukungu. Juu ya kiatu, huo ni upungufu wa urembo tu. Juu ya kioo cha mbele cha gari ni hatari, hasa usiku taa za gari linalokuja zinapomulika. Dawa za vioo, kama vile Rain-X, ni za aina nyingine: huacha uso laini, unaoona mbali, na hutegemea upepo wa mwendo kuyasukuma matone. Dereva asizichanganye bidhaa hizi mbili.

Afya na mazingira

Ndani ya vifuko vya hewa vya mapafu mna utando mwembamba wa majimaji unaovizuia kusinyaa. Ukungu wa baadhi ya dawa za kukinza maji, uvutwapo, unaweza kuuvuruga utando huo. Mnamo Machi 2006, takriban watu 100 nchini Ujerumani walipatwa na shida ya kupumua baada ya kupulizia dawa ya kukinga vioo na vigae vya bafuni. Baadhi yao walilazwa hospitalini, mapafu yao yakiwa yameingia maji. Ukungu unavyokuwa mwembamba ndivyo unavyofika ndani zaidi. Kuanzia mwaka 2021, Umoja wa Ulaya umepiga marufuku kuwauzia wananchi dawa za kupulizia zenye kemikali fulani za florini na silikoni zilizochanganywa na viyeyushi.

Isitoshe, baadhi ya kemikali za florini haziozi kwa karne nyingi. Mojawapo, iitwayo PFOA, iliingizwa mwaka 2019 katika orodha ya kemikali za kutokomezwa chini ya Mkataba wa Stockholm, ambao Kenya ni mwanachama wake. Kinachokwanguka garini huishia mtaroni, na mtaro huishia mtoni.

Hitimisho

Rangi za ukinzamaji uliokithiri si uganga wala si ulaghai. Ni uigaji wa kweli wa jani, isipokuwa umekosa kile kilicho muhimu zaidi katika jani, yaani uwezo wa kujitibu. Mtumiaji anashauriwa kuzipaka kwenye vitu visivyosuguliwa sana, na kujiepusha nazo katika vyombo vya chakula, vitu vya watoto na vioo vya gari. Azipulizie nje ya nyumba, upepo ukiwa nyuma yake, huku amevaa kinga ya pua na mdomo inayofaa kuzuia mvuke wa kemikali. Asome maandishi yaliyo kwenye mkebe, na pale yasipotaja kilichomo, auache dukani. Gari lenye tope huoshwa likatakata, lakini pafu lililodhurika haliko dukani.