Bolti Zilizokatika Katika Gurudumu la Nyuma

Wasomaji wetu walio mbali na miji wajua jinsi gari moja dogo la mizigo libebavyo haja za kijiji kizima: mahindi ya mnada, mgonjwa wa usiku na watu wa arusi. Gari hilo likionekana lina nati tano badala ya sita katika gurudumu la nyuma, dereva husema, "Tano zatosha." Neno hilo sisi twalikataa. Mfano wetu ni Toyota Hilux yenye breki za dramu nyuma.

Watu wengi hudhani ya kuwa bolti za gurudumu, ambazo mafundi huziita stadi, ndizo zinazobeba gari. Sivyo. Nati ikikazwa, bolti huvutika kidogo mno, kadiri isiyoonekana kwa macho, nayo hulibana gurudumu juu ya dramu hata lisiweze kuteleza. Kubanwa huko ndiko kunakobeba. Nati ikilegea, gurudumu hucheza, na kila mzunguko huipinda bolti huku na huku. Nalo huzunguka zaidi ya mara 400 katika kila kilometa. Mara nyingi kipande kilichokatika chaonyesha habari yote: sehemu moja ni laini, yenye mistari kama ile iachwayo na maji ufukoni, na sehemu nyingine ina mikwaruzo. Maana yake, ufa ulikuwapo siku nyingi, na bolti jirani zimepata mateso yale yale. Basi ikikatika moja, yafaa kubadili na zile mbili zilizo kando yake. Zikikatika mbili, badili zote sita.

Legeza nati gurudumu likiwa bado chini. (Katika magari ya zamani ya Chrysler na Dodge, nati za upande wa kushoto zilifunguka kinyume, na asiyejua aliweza kuzikata.) Hapa pana hatari ya ekseli ya nyuma ambayo haimo mbele: breki ya mkono hushika dramu ile ile unayotaka kuitoa, hivyo huna budi kuilegeza. Wala gia haisaidii, kwa kuwa gurudumu moja likiwa hewani, difu hulizungusha bure na gari laweza kwenda. Kwa hiyo zuia magurudumu ya mbele kwa mawe makubwa, mbele na nyuma yake, ukaweke kigogo imara chini ya ekseli. Jeki peke yake isiaminiwe.

Dramu ikigoma kutoka, ina matundu mawili madogo yenye nyuzi. Tia humo bolti za milimeta 8 uzikaze sawasawa, nayo itasukumwa nje. Vumbi la breki usilipulize, bali lipanguse kwa kitambaa chenye maji. Na mtu yeyote asikanyage breki dramu ikiwa nje.

Zungusha sahani ya ekseli mpaka bolti mbovu ipate nafasi ya kutokea nyuma, kisha uigonge. Mapigo mawili matatu yasipoisogeza, mpelekee fundi mwenye mashine ya kusindika, kwa maana nyundo nzito huumiza beringi. Bolti mpya iwe na unene, nyuzi na urefu wa ile ya kwanza, na meno yake madogo yaingie barabara katika tundu. Itie kwa nyuma, panga washa kadhaa zilizopakwa grisi, kisha uivute kwa nati mpaka kichwa chake kiguse sahani. Usiipige nyundo, isije ikaingia upande. Ikiwa tundu limekwisha meno na bolti yazunguka, sahani ndiyo ya kubadilishwa. Wale wanaoiunga kwa moto huharibu ugumu wa chuma.

Futa kutu na matope, rudisha gurudumu, ukaze nati kwa kupishana upande huu na upande wa pili. Nguvu yatosha kadiri ya uzito wa kilo 35 kwenye ncha ya spana ya sentimeta 30. Mtu wa kilo 70 akisimama juu ya bomba la nusu meta, huipita mara tatu, na hivyo ndivyo bolti nyingi zinavyoanza kuharibika. Baada ya kilometa 100 hivi simamisha gari uzikaze tena, kwa kuwa bolti mpya hukaa vizuri mahali pake baada ya mwendo.